Maji ya Tofali

Nilianza kujenga uzio wa nyumba yangu Septemba 2018, nikamaliza Novemba 2022. Uzio wenyewe ni wa mita 90, unazunguka kiwanja cha 25 kwa 20 hapa Newala. Katika miaka hiyo minne wapo waliochimba msingi wa nyumba baada yangu, wakaezeka, wakahamia, na mimi bado natoka nyumbani kwa kuruka rundo la kokoto. Juzi mwalimu mwenzangu, kijana aliyepata kiwanja chake cha kwanza, aliniuliza ofisini: "Mama, fensi inakula shilingi ngapi?" Nikafungua kinywa nimtajie, nikashindwa. Nilipofika nyumbani nikashusha mfuko wa risiti kutoka juu ya kabati, nikakaa nao mpaka usiku mkubwa. Namba nilizipata. Lakini namba peke yake zingemdanganya, kama zilivyonidanganya mimi. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mzaliwa wa Masasi, chini ya mlima Mtandi, karibu na kanisa kuu la Waanglikana. Kule mawe yako kila upande. Milima ya miamba imechomoza katikati ya tambarare, na chini yake wapo wanaoishi kwa kupasua kokoto. Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Hulizungushia jiwe kitanzi cha mpira wa tairi ili vipande visiruke, kisha hupiga nyundo kutoka asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Mimi niliolewa Newala mwaka 1994, nikapanda huku juu kwenye uwanda wa Makonde, na jambo la kwanza alilonifundisha wifi yangu ni kuoga kwa kopo mbili za maji na kuyakinga yale yanayodondoka.

Anayefika Newala huwa anapelekwa Shimo la Mungu. Ardhi imekatika ghafla, na chini huko ni bonde la Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Maji yako huko chini. Mvua inayonyesha juu inamezwa na mchanga mwekundu na kuibukia kwenye chemchemi za mabondeni. Wanawake wa zamani walishuka na mitungi alfajiri wakarudi jua limepanda. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwaona katika taabu hiyo na akaiandika. Baadaye, miaka ya 1950, ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, na mpaka leo mashine zinasukuma maji kutoka Mitema kuyapandisha huku. Mtaani kwetu tunayapata kwa zamu. Kwa hiyo kila anayeweza anachimba kisima cha mvua uani, anakipiga lipu ndani, anafunga mifereji kwenye bati, na masika anakijaza kwa ajili ya kiangazi. Marehemu mume wangu alichimba chetu mwaka 2003. Kinachukua lita 28,000. Alipofariki mwaka 2016, baada ya kulazwa hospitali ya Ndanda kwa muda mrefu, aliniachia nyumba hiyo, kisima hicho, na mikorosho sabini na kitu kijijini kwao.

Msimu wa 2017 bei ya korosho mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Wakulima tulifurahi, na wezi nao walifurahi. Korosho lazima ianikwe kabla ya kupelekwa ghalani, na mimi nilikuwa naanika uani kwenye maturubai, kwenye uwanja usio na ukuta wala miiba. Usiku mmoja wa Oktoba waliingia wakabeba viroba viwili. Korosho ya wizi haifiki ghalani. Inaishia kwa walanguzi wa kangomba usiku huohuo, inapimwa kwa kopo, basi. Viroba viwili ningeweza kuvisahau. Nisichoweza kusahau ni kwamba katika kuondoka walichota maji, na mfuniko wa kisima wakauacha wazi.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne. Nilitoka na ufagio alfajiri nikamkuta amelala kifudifudi ukingoni, kichwa chake na mabega viko ndani ya shimo. Alikuwa anazungumza. "Njoo," alisema, "njoo tucheze huku." Alikuwa anamwita mtoto aliyemwona kwenye maji.

Sikumwita jina. Niliogopa akigeuka atateleza. Nikavua kandambili, nikatembea kwenye mchanga, na kila hatua niliona ukingo uko palepale na mimi sisogei. Nilimshika kwenye kaptula. Mshono ukaachia. Nikamdaka kifundo cha mguu kwa mkono wa pili, nikamvuta, tukaanguka wote chali, naye akalia kwa sababu nimemuumiza goti. Nilimkumbatia pale chini mpaka watu wa nyumba ya jirani wakatoka kuuliza kuna nini.

Siku hiyo niliapa kujenga uzio.

Kwanza ilibidi nijue mpaka. Kwa Wamakonde, kama kwetu Wamakua, mjomba ana neno lake, na mpwa wa marehemu alikuwa ameanza kuuliza ni wapi kiwanja cha mjomba wake kinaishia. Sikutaka kumwaga zege kwenye ugomvi. Nikamwomba mjomba wa mume wangu, mzee ambaye kila mtu mtaani anamwita Babu, aje pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Babu alitembea mzunguko wote kwa fimbo, mpwa akiwa nyuma yake, akachomeka vigingi vinne. Kisha akakaa kivulini akasema zamani hapakuwa na kitu kama hiki. Wazee walifyeka uwanja katikati ya kichaka kizito, wakajenga humo, na kichaka chenyewe ndicho kilikuwa ukuta wao. Njia ya kuingilia ilipindapinda, mgeni asingeijua. Wangoni walipokuja kuteka watu walipita pembeni. Na mabondeni, alisema, wazee walikataa kukaa kwa sababu watoto walikuwa wanafia huko. Walichagua juu, pasipo maji, ili wazao wao waishi. Nilimkumbuka yule mtoto wa kisimani, nikanyamaza. Kazi ile ya vigingi iligharimu soda nne na nauli ya Babu, na ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote katika habari hii.

Fundi niliyempata alikuwa na maneno matamu. Alipima kwa hatua, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari. Nikitoa nafasi ya geti, ukuta ni mita 86. Kozi tatu chini ya ardhi, nane juu, tofali la inchi sita, jumla matofali 2,000 na ziada kidogo. Akaweka saruji, mchanga, kokoto, nondo, ufundi na geti, akapiga mstari: milioni 5 na laki 5. Nilikuwa na milioni 2 taslimu kutoka msimu uliopita. Zilizobaki nilitegemea mikorosho.

Leo, nikiishika karatasi ile, naona vilivyokosekana. La kwanza ni maji. Hakuna mstari wa maji. Tofali la saruji linakunywa mara mbili. Linakunywa wakati wa kukoroga, halafu linakunywa siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, ili likomae. Ukilinyima, linakauka juu na kubaki unga ndani. Kwa hesabu niliyokuja kuifanya mwenyewe, uzio wote ungehitaji madumu 900 ya lita 20. Septemba hiyo dumu lilikuwa shilingi 500 likiletwa na baiskeli, na Novemba, siku ambazo mabomba yamenyamaza, nimenunua kwa 1,000. Kwa bei ya chini kabisa hiyo ni 450,000, fedha ya maji peke yake, kabla mtu hajanywa.

La pili lilikuwa kwenye idadi ya mifuko. Mfuko mmoja wa saruji hutoa matofali 30, ukijitahidi 32. Fundi wangu alihesabu 45. Kwa mifuko iliyopungua nilidhani nimeokoa kama 260,000. Karatasi ya kweli ingesomeka milioni 6 na laki 2. Sikuijua hesabu hiyo, na hakukuwa na mtu wa kuniambia, kwa sababu nilikuwa naona haya kuuliza. Mjane akiuliza sana kuhusu ujenzi huambiwa hana mtu.

Novemba serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaonekana barabarani yakisomba korosho kutoka maghalani. Mimi nilikuwa nimepeleka kilo 940. Nikapiga hesabu usiku: zaidi ya milioni 3. Kesho yake nikapanda gari kwenda Masasi, kama kilomita 70 za vumbi, nikaenda kwenye duka la vifaa ambalo mume wangu alikuwa akinunua. Mwenye duka ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Nikamwambia shida yangu. Akachukua daftari, akaandika saruji na nondo za 1,800,000, akaligeuza nisome. "Korosho ikiingia utaniona," nikamwambia. Akasema, "Mwalimu, safari njema." Hakuniomba sahihi. Mama mdogo akanipa lori moja la kokoto, kazi ya mikono yake ya miezi miwili. Kila nikimwambia tupatane bei alikuwa anasema twende kwanza tukale.

Malipo ya msimu ule yalikuja kwa awamu, na zamu yangu ilifika Mei 2019. Kila mkulima wa kusini aliyekuwapo anaijua miezi ile, sina haja ya kuieleza. Nitasema ya nyumbani kwangu. Mshahara wangu ulikuwa na makato ya mkopo nilioufanya wakati wa kumuuguza mume wangu, na kilichobaki kilikuwa kinamfikisha kijana wangu chuoni Mtwara na kumrudisha. Tuliacha wali. Tulikula ugali wa muhogo kwa mbaazi, na mbaazi zilipokwisha tukala kwa kisamvu. Niliuza pikipiki ya marehemu. Kikoba chetu kilinipa laki 4 kwa riba, nikazilipa mafundi. Na mwenye duka wa Masasi alikuwa ananipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. "Mwalimu, habari za huko? Watoto hawajambo? Mvua?" Halafu anaaga. Hakutaja deni hata mara moja. Laiti angenifokea. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu mikono inapoa.

Ukuta ulikuwa umesimama upande wa chini na upande wa nyuma. Kwa macho ulikuwa mzuri. Watu walinipongeza.

Usiku mmoja wa Machi mvua ilianza saa mbili na haikupumzika. Kiwanja changu kina mteremko kidogo, na maji yote ya uani yalikimbilia upande wa chini, yakakuta ukuta hauna hata tundu moja la kuyapitisha. Yakakaa hapo, yakapanda, yakaanza kula mchanga chini ya msingi. Kishindo nilikisikia kama saa tisa. Nilidhani ni radi. Kulipokucha mita 11 za ukuta zilikuwa zimelala upande wa pili, juu ya jiko la jirani yangu.

Jiko lile lilikuwa la fito na makuti, na Mama jirani alikuwa akilala humo msimu wa baridi kwa sababu ya joto la majivu. Usiku ule hakulala humo. Sufuria zake mbili zilikuwa zimebonyea, chungu chake cha mboga kimekuwa vigae. Nilisimama kwenye matope nikamwambia, "Dada, nitalipa vyote." Yeye alikuwa anaokota vigae kimoja kimoja anaviweka kwenye kanga. Akasema, "Mwalimu, ingia ndani kwanza, unatetemeka."

Nilichukua tofali moja zima kati ya yale yaliyoanguka. Mafundi wa kweli hulipima tofali kwa kuliachia kutoka kiunoni. Mimi sikufika huko. Niliinama, nikalikandamiza kwenye goti, na likavunjika mikononi mwangu kama kopa la muhogo lililobunguliwa. Ndani lilikuwa mchanga mkavu, rangi ileile ya mchanga wa uani. Nilikuwa nimekopa ili nirundike mchanga juu ya mchanga. Fundi nilimpigia, simu ikaita siku tatu, siku ya nne haikuita.

Mwezi uliofuata lilikuja tangazo la kimbunga Kenneth. Ilikuwa Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, na mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma tuliambiwa tujihadhari. Wengine walikuwa wanafunga bati kwa kamba na kupandisha mawe juu ya paa. Mimi nilikuwa naangalia ukuta wangu wa nyuma uliobaki, mita 20, tofali za mfuko uleule, na upande wa pili kuna nyumba ya watu wenye watoto watano. Nikawaita wanangu. Nikawaambia tunaushusha.

Tuliushusha kwa mikono, kuanzia kozi ya juu. Kijana wangu alikuwa anagonga kwa nyundo, binti anapokea, mimi napanga chini. Nyingi zilivunjika zikishushwa. Kila tofali niliijua bei yake: saruji ya yule mzee wa Masasi, maji ya dumu la mia tano, kokoto za mama mdogo zikiwa chini msingini. Tulifanya kazi mpaka giza, tukaacha kozi mbili tu juu ya ardhi. Kimbunga kikapiga Msumbiji, ng'ambo ya mto, kikawatesa ndugu zetu wa Cabo Delgado. Huku tulipata upepo na manyunyu. Kesho yake wapo waliosema niliubomoa ukuta wangu bure. Sikuwajibu, na sijutii mpaka leo.

Mei fedha ya korosho iliingia. Nilipanda gari la kwanza kwenda Masasi nikiwa nimeifunga kiunoni kwa kanga. Mwenye duka alihesabu 1,800,000, akapiga mstari kwenye ukurasa wangu, akaniuliza, "Ukuta umefika wapi?" Nikamweleza yote, nikalia mbele ya wateja wake. Akaagiza chai. Akaniambia, tofali fyatua mwenyewe, Mwalimu, na fyatua wakati wa mvua.

Nililala kwa mama siku hiyo. Mama yangu ana miaka themanini na ushee, na nyumba yake imezungukwa na ua wa minyaa uliopandwa kabla sijazaliwa, mrefu kuliko mtu, mzito hata kuku hapiti. Nilikuwa nimeuona maisha yangu yote, sijapata kuuangalia. Nilimwuliza mama umegharimu nini. Akaniambia, "Uligharimu jicho la mjomba wako." Mjomba alikuwa mtoto, akavunja tawi, utomvu ukamrukia, akauguza jicho hilo mwezi mzima. Zaidi ya hapo hakuna aliyelipa kitu. Mnyaa haunyweshwi. Unakata tawi, unaliacha kidonda kikauke kivulini siku kadhaa, unalichomeka kwenye mchanga mvua za kwanza zinapoanza, unaliacha.

Desemba 2019 nilikwenda kwake tena, nikarudi na mzigo wa matawi juu ya keria ya gari. Mama mwenyewe alinikatia, amejifunga kitambaa usoni, na kila tawi alilonipa alirudia, "Usijishike macho, mwanangu. Wala mtoto." Tulipanda safu mbili upande wa chini na upande wa nyuma, tawi kwa tawi, shubiri moja kati yake, mita 45. Gharama yote ilikuwa nauli, mzigo, na sabuni ya kunawia. Kwenye risiti zangu nimeandika 38,000.

Sehemu ya mbele na ubavu wa juu, unaoelekea barabarani, nilitaka tofali, kwa ajili ya geti na kwa sababu huko ndiko wezi walikopita. Hapo ndipo nilipolielewa neno la mwenye duka, na hapo ndipo lilipo jibu la mwalimu mwenzangu. Huku kwetu fedha inakuja kiangazi. Mnada unaanza Oktoba, watu wana noti, kila mtu anaita fundi, na ni wakati huohuo maji yameisha visimani. Mvua inapoanza, fedha imeshaliwa. Basi sisi wa uwanda huu tunajenga kwa maji ya kununua, na kwa sababu maji ni ghali tunayaibia matofali, na ukuta unaanguka. Nikaamua kugeuza. Oktoba nanunua saruji tu, naipanga juu ya mbao ndani ya chumba isinyonye unyevu. Januari mpaka Aprili, kisima kikiwa kinafurika, nafyatua. Saruji haipendi kukaa, kwa hiyo sikununua zaidi ya nitakachomaliza msimu huo.

Niliazima kibao cha kufyatulia. Mwalimu wa sayansi anapaswa kujua kupima, nikajifunza kupima: mfuko mmoja, matofali 30, basi. La kwanza lilitoka limepinda. La kumi lilisimama. Tulikuwa tunafyatua Jumamosi, chini ya mwembe, tunafunika kwa makuti ili matone yasilichome lingali bichi, na baada ya siku moja mvua yenyewe inalimwagilia. Nilikuwa nikiamka usiku, nikisikia mvua juu ya bati, naona kama mtu ananifanyia kazi bila kunidai. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hatukurudi darasani mpaka Juni 29. Ulikuwa wakati wa hofu, na sisemi ulikuwa mzuri. Lakini kati ya siku ile na mwisho wa mvua, mimi na wanangu tulifyatua matofali 480. Niliachia moja kutoka kiunoni kwenye ardhi ngumu. Likadunda, likalala. Nililiokota nikalibusu, binti yangu akiniangalia.

Mwishoni mwa mwaka huo saruji ikapanda nchi nzima, nikasimama. Msimu wa 2021 nikanunua mifuko sita. Fundi wa pili, mtu wa makamo kutoka Tandahimba, alikubali nimlipe kwa kozi: kozi moja ikipanda, namlipa, anaenda zake, nikipata nyingine namwita. Alichimba msingi upya, futi mbili na nusu mpaka kwenye udongo mgumu, akaacha matundu ya maji kila mita mbili. Aliyachunguza matofali yangu kwa kuyagonga kwa mwiko, akisikiliza mlio. "Nani kafyatua?" Nikamwambia ni mimi. Akaendelea kugonga mpaka la mwisho, hakuondoa hata moja.

Geti lilichomelewa Masasi, likapanda huku juu ya lori Novemba 2022.

Sasa namba, mwanangu, kwa vile uliziuliza. Nimetumia 5,870,000. Kati ya hizo 1,240,000 ziko kwenye ukuta ulioanguka na ule niliouangusha, pamoja na riba ya kikoba. Maana yake nimetoa karibu gharama ya uzio kamili wa tofali, nikapata nusu ya tofali na nusu ya minyaa. Maji yote niliyonunua ni ya msimu ule wa kwanza. Ya matofali yaliyosimama sikuyalipia hata senti. Ukinunua mfuko wako wa kwanza, nijie. Kibao ninacho, na makuti yapo.

Mama mdogo hajakubali kuchukua fedha ya kokoto. Nimemnunulia miwani ya kuzuia vipande, anaivaa.

Na jirani. Nilipomaliza kumlipa sufuria mbili, alikataa fedha ya jiko. Alisema anataka kitu kingine. Tangu zamani, maji ya bomba yakikatika, alikuwa anapita uani kwangu kuchota kisimani, na mume wangu hakuwahi kumzuia. Aliogopa uzio ukikamilika atazungukia barabarani na ndoo kichwani kama mgeni, abishe hodi getini, asubiri kufunguliwa. Kwa hiyo katikati ya minyaa, mahali palepale ukuta ulipoangukia, tuliacha upenyo wa futi tatu. Nikaweka mlango wa mbao. Kila baada ya mvua anaipogoa minyaa ya pande zote mbili za mlango ule, amejifunga kanga usoni, isije ikamgusa mtoto. Kisima kina mfuniko wa chuma na kufuli. Mlango mdogo nao una kufuli, na ufunguo wake ni mmoja. Anao yeye.